Sauti Chini ya Blanketi

Sehemu ya kumi na moja

Tulimwacha Gertrude amepiga magoti kando ya kitanda cha baba yake kule Castle Vale, Birmingham, macho ameyafungua katikati ya maombi. Ni aibu kwa Mkristo, lakini angefanyaje? Sauti ya baba yake ilikuwa imetoka kusema, "Shamba la Njoro ni la Njoroge peke yake. Mama yenu arudi kwa ndugu zake."

Mtoto gani angesikia hayo kisha aendelee kufumba macho?

Basi alifungua. Na alichokiona ni hiki.

Sauti ilikuwa bado inasema, nzito, ya kukwamakwama, vile vile Mzee Mugo alivyosema tangu saratani imkamate kooni. Lakini mdomo wa Mzee ulikuwa umefungwa. Skafu ya sufu ilipita chini ya kidevu, ikapanda masikioni, ikaingia ndani ya kofia na kukazwa huko. Mtu aliyefungwa hivyo hawezi hata kumeza mate.

Gertrude akashusha macho taratibu.

Njoroge, mdogo wake, alikuwa amelaza kichwa kwenye mto ule ule wa baba yao, uso ameuficha chini ya ncha ya blanketi. Na hapo uso wake ulipokuwa, blanketi lilikuwa likipanda na kushuka.

"Na yeyote atakayepinga neno langu," ikasema sauti, na blanketi likapanda, "laana yangu iko juu yake."

Blanketi likashuka.

"Amina!" akaitikia Mchungaji Kibet, kwa nguvu hata dirisha likatetemeka.

Wote wakafumbua macho. Mbali na Mzee, chumbani walikuwa watu watano. Njoroge mwenyewe na mke wake Fiona. Gertrude, mjane, aliyemtunza Mzee nyumbani kwake Stechford mpaka Njoroge alipokuja kumchukua akisema na yeye anataka baraka za kumuuguza mzazi. Mchungaji Kibet, ambaye kanisa lake linakodi ukumbi Sparkbrook. Na Immaculée, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, ambaye kanisa zima lilijua kwamba ukitaka uongo usiende kwake.

Njoroge alikuwa amewaambia watu baada ya ibada, "Chumba ni kidogo. Nipeni wawili tu waje kumwombea Baba." Kisha akawachagua hao wawili kwa majina.

Sasa alikuwa anafuta macho makavu.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Mimi sikumwomba. Amesema kwa hiari yake."

"Tumesikia," akasema Mchungaji.

"Kule nyumbani Kenya wosia wa mdomo unakubalika. Wakili ameniambia. Bora wasikie mashahidi wawili kwa pamoja. Mama Immaculée, wewe pia umesikia?"

Immaculée alikuwa bado ameweka mkono juu ya miguu ya mgonjwa, kama desturi ya kuwekea mikono. "Kusikia nimesikia," alisema. "Kuona hapana. Nilifunga macho."

"Hakuna aliyekuuliza kuona, mama. Kusikia kunatosha."

"Hakutoshi," akasema Gertrude.

Njoroge aligeuka.

"Mdomo wa Baba haukufunguka hata kidogo," Gertrude alisema. "Wewe ndiye ulikuwa unasema."

 Fiona akadakia.

"Aki Gertrude! Umejuaje?"

"Niliangalia."

"Uliangalia? Kwa maombi? Mtu mzima na macho yako wazi kama mtoto wa Sunday school?"

"Dada," Mchungaji alisema kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "hilo nalo ni la kutubu. Mahali patakatifu hapachunguliwi."

"Nitatubu kesho. Leo niambieni, hiyo skafu ni nani aliyeifunga?"

"Baba anasikia baridi!" Njoroge alifoka. "Wewe huoni hali ya hewa ya huku? Unataka nimwache kichwa wazi?"

"Nataka umfungue kidevu aseme tena."

"Amechoka."

"Neno moja tu. Aseme jina langu."

"Nimesema amechoka, Gertrude!"

Gertrude hakubishana tena. Alishika blanketi kwa mikono miwili akalivuta lote mpaka sakafuni.

Mungu na atusamehe kwa yale macho yetu yanayolazimika kuona.

Mzee Mugo alikuwa amezungukwa na chupa za mpira za maji moto. Moja miguuni. Moja tumboni. Nyingine zimebanwa kwapani kama vifaranga. Shati la kulalia lilikuwa limelowa, ngozi ya tumbo imekuwa nyekundu pale mpira ulipogusa, lakini Gertrude alipomshika mkono, ule mkono ulikuwa mgumu na baridi kama kitu kilichotoka kwenye friji. Kwenye kona ya midomo iliyobanwa kulikuwa na uji umekauka.

Immaculée alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Alianza kusugua kiganja chake kwenye sketi, akisugua na kusugua.

"Mon Dieu," alisema. "Niliombea maiti apone?"

Njoroge aliinama kuokota blanketi.

"Nauliza! Nimesema 'simama Baba Mugo, simama kwa jina la Yesu', na mutu amekwisha kufa? Tangu wakati gani?"

"Sasa hivi," akasema Njoroge. "Ameondoka sasa hivi, baada ya kusema."

"Sasa hivi na amekuwa ubao?" Gertrude alimgeukia Fiona. "Fiona. Wewe ni mwanamke. Tangu lini?"

Fiona alitazama mume wake, kisha zulia. "Tangu alfajiri."

"Nyamaza wewe!"

"Wameshaona, Njoroge! Ninyamaze nini?"

Gertrude alihesabu saa. Tangu alfajiri. Basi huyu mtu alimwacha baba yake amekufa kitandani, akapiga pasi suti, akaja Sparkbrook kanisani. Alisimama mbele za watu akashika kipaza sauti akasema Mungu ni mwema, Baba amekunywa uji leo. Watu walipiga vigelegele. Immaculée alilia kwa furaha. Na mle garini njiani kurudi, Njoroge alikuwa ameimba.

"Na huu uji?" Gertrude aliuliza. "Nani alimpaka?"

Fiona akaanza kulia. "Aliniambia mkija muone kama amekula."

Ulimpaka mzazi wa mume wako uji mdomoni, baada ya kufa, kama mtu anayepaka rangi mlango! Gertrude hakuyasema hayo. Alichukua kitambaa, akakilowesha kwa maji ya kwenye glasi, akaanza kufuta ile kona ya mdomo, taratibu, kama Baba angeumia.

Njoroge alikuwa amekwisha kujikusanya. Watu wa namna hii hawakai chini muda mrefu.

"Sawa," alisema. "Alikufa alfajiri. Lakini yale maneno ni yake. Aliyasema mwenyewe kabla ya kukata roho, mimi na Fiona tukasikia. Sasa nani angetuamini, mtu na mke wake? Nikaona nimwazime Baba mdomo ayarudie mbele ya mashahidi. Ubaya uko wapi?"

"Umwazime mdomo."

"Ndiyo. Alinizaa, nashindwaje kumwazima mdomo?"

"Ungemwazima alipokuwa hai," Gertrude alisema. "Miaka yote Baba alikuwa anakupigia simu hushiki. Leo ndiyo una mdomo wa kumwazima?"

Mchungaji Kibet alikohoa. Alikuwa amechukua koti lake, kisha akalirudisha, kisha akalichukua tena.

"Kiroho," alianza, "tukiangalia kiroho, kama maneno ni ya Mzee, basi chombo kilichoyatamka..."

"Mchungaji, usizunguke," Gertrude alimkata. "Wewe ulijua."

"Mimi? Nilifumba macho!"

"Baba hakukupenda hata kidogo. Alisema unahubiri ukitazama saa. Na leo umekaa kwake tangu mwanzo bila kutazama saa hata mara moja. Umeahidiwa nini?"

"Dada, usimhukumu mtumishi."

Hapo ndipo Njoroge, kwa hasira, akajichongea. Alimwona Mchungaji anavaa koti, akadhani anatoroka.

"Mchungaji, usinigeuke saa hii! Ile kona ya barabara ulikwenda kuipima mwenyewe kwa miguu yako mwezi wa Desemba. Ukasema madhabahu itakuwa hapa, maegesho pale. Sasa unavaa koti?"

Mchungaji alivua koti.

Gertrude alilijua hilo shamba kama kiganja chake. Kona ya barabara ndipo ilipo nyumba ya mama yake. Mama alikuwa anaishi pale hata sasa, na kuku wake na viazi vyake, akingoja mzee wake apone arudi.

"Kwenye kona kuna nyumba," alisema.

"Nyumba zinabomolewa," akajibu Njoroge. "Upande wa mbele kuna mtu anayetaka kujenga kituo cha mafuta, kona ni ya kanisa. Mama atapata chumba mjini. Hajui hata kuna wateja wanaomezea mate hiyo ardhi."

"Sitakubali. Na Mama Immaculée hatakubali. Bila yeye una shahidi mmoja."

Njoroge alicheka kidogo. Alitoa simu mfukoni.

"Basi tumuulize Mama mwenyewe."

Simu iliita kule Njoro. Aliweka sauti ya nje, akaishika juu kama anapiga picha.

"Mama," alisema, na sauti yake ikawa ya kilio ghafla, kana kwamba amefungua bomba. "Mama, Baba ametuacha."

Hakukuwa na yowe. Kulikuwa na kuku wakilia kwa mbali, na pumzi.

"Mmemfunga kidevu?" Mama aliuliza.

"Fiona amemfunga."

"Asante Fiona. Na macho?"

"Yamefumbwa, Mama."

"Gertrude yuko hapo?"

"Niko, Mama," akasema Gertrude, na hapo ndipo machozi yalimtoka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Usilie sana. Alisema nini mwisho?"

Njoroge alimwonyesha Gertrude kidole, nyamaza, kisha akasema yote. Shamba. Laana. Na kwamba Mama arudi kwa ndugu zake.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Njoroge," Mama alisema. "Ndugu zangu wote wamekufa. Wa mwisho alizikwa na baba yako, alichimba kaburi kwa mikono yake. Wewe tulikupigia simu, hukushika. Sasa baba yako angesemaje niende kwa watu aliowazika mwenyewe?"

Mchungaji Kibet alitazama dari. Njoroge uso ulimtoka jasho.

"Alikuwa anaumwa, Mama. Alichanganyikiwa."

"Aliyechanganyikiwa anaacha wosia?"

Gertrude nusura apige makofi. Lakini alikuwa hajamjua ndugu yake vya kutosha.

"Sikiliza basi, Mama," Njoroge alisema, na kilio chote kikaisha kwenye sauti yake. "Kampuni ya mazishi nimeshaongea nayo mimi. Kusafirisha maiti nitalipa mimi. Mkinipinga, sisafirishi. Huku wazungu huchoma. Wanakuwekea pazia na muziki, ukitoka nje wameshamaliza. Nitakuletea Baba kwenye kopo, umpande na viazi."

"Njoroge!" alipiga kelele Fiona, hata yeye.

"Gertrude anaweza kwenda kortini kupinga," aliendelea. "Aende. Baba atakaa kwenye friji ya Birmingham mpaka mawakili washibe. Chagua."

Gertrude aliruka kuinyakua simu, Njoroge akaiinua juu zaidi. Sauti ya mama yao ikatoka huko juu, ndogo, kavu, bila kutetemeka.

"Mwacheni ale."

"Mama, hapana!"

"Gertrude, mama yangu, usigombane. Mpe shamba. Mimi nileteeni mzee wangu mzima. Nimevaa pete yake tangu nikiwa msichana, sitazika kopo."

"Mama, hakusema hayo maneno! Alikuwa..."

"Najua hakusema. Baba yako nimelala naye kitanda kimoja maisha yangu yote, huniambii mimi alivyokuwa anasema. Nimesema mwacheni ale."

Na akakata.

Njoroge alirudisha simu mfukoni polepole. Alikuwa anatabasamu! Jamani, kuna watu waliotoka kwenye tumbo la mwanamke na mwanamke huyo bado yuko hai, na wanaweza kutabasamu hivyo.

"Limekwisha," alisema. "Sasa panahitajika shahidi wa pili. Nesi wa Baba anakuja kila Ijumaa na Jumapili, saa kama hizi. Tutamwambia Mzee amekufa sasa hivi, baada ya maombi. Wote tuseme neno moja. Fiona, toa hizo chupa."

Fiona alizikusanya akazisukuma chini ya kitanda, maji yakichezacheza ndani.

Gertrude alimsogelea Immaculée.  Hakuwahi kudhani ingekuwa yeye atakayeomba.

"Mama Immaculée. Dada yangu. Sema ulimsikia Baba."

Immaculée alimtazama kana kwamba amemtemea mate. "Wewe? Wewe njo uliivuta blanketi, wewe ndiye, na sasa unaniomba hivi?"

"Umemsikia mama yangu."

"Nimemsikia. Na Mungu pia amenisikia nikiomba kwa maiti. Unataka niongeze?"

"Ukikataa baba yangu atachomwa."

"Na nikikubali mama yako anafukuzwa na mimi njo nimemfukuza."

"Mama," akaingilia Njoroge, sasa mpole kama asali. "Tuongee kama watu wa kazi. Zamu zako unapewa na nani? Kampuni ya nani inakupeleka kwa wale wazee unaowaogesha? Ya kwangu. Jumatatu una kazi. Au hutaki kuwa nayo?"

Immaculée aliijua hesabu yake. Alikuwa na kodi ya nyumba, na mtoto wa kike chuoni. Alitazama kiganja chake, kile alichokisugua mpaka kimekuwa chekundu.

Kengele ya mlango ikalia.

Nesi Parveen alipanda ngazi na mkoba wake, amefunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, akisema habari zenu kwa Kiingereza, na chumba chote kikahamia Kiingereza pamoja naye. Alimwona Mzee, akaweka mkoba chini. Alisema pole kwa kila mmoja. Akavaa glavu.

"Amefariki saa ngapi?"

"Sasa hivi," Njoroge alisema. "Tulikuwa tunaomba. Alisema maneno ya mwisho, akalala. Wote tulikuwepo."

"Mimi mwenyewe nilikuwa naongoza," akasema Mchungaji.

Parveen aliinua mkono wa Mzee. Mkono ulipanda na bega pamoja, mzima mzima. Aliuachia taratibu. Aligusa taya. Alifungua shati, akakuta tumbo lina unyevu na ile alama nyekundu ya mraba. Alikaa ameinama hapo kwa muda ambao Gertrude aliuona mrefu kuliko ibada nzima.

"Sasa hivi," Parveen alirudia.

"Dakika chache."

"Bwana Njoroge, huyu mtu hakufa dakika chache zilizopita. Na hii ni nini tumboni?"

 Parveen alivua glavu, akatoa simu.

"Mtu yeyote asiguse kitu tena. Hiki si kifo cha kuthibitisha mimi. Naita polisi."

Gertrude aliona jinsi sura ya ndugu yake ilivyobadilika. Haikuchukua hata pumzi moja. Ilikuwa sura ya mtu anayeuza kitu, akaona mteja huyu hataki, akageuza meza kuuza kingine.

"Afadhali uite," Njoroge alisema. "Sikutaka kusema mbele za watu, ni dada yangu. Lakini muulize yeye. Jana jioni alikuja hapa akampa Baba ile dawa ya maumivu. Yeye na Baba peke yao, mlango umefungwa. Baada ya hapo Baba hakuamka tena."

"Nini?" Gertrude alisema.

"Ulimpa dawa au hukumpa?"

"Nilimpa kipimo chake! Nesi ndiye aliyenifundisha!"

"Amekubali. Alimpa. Mchungaji ni shahidi."

Na Mchungaji Kibet, mtumishi wa Bwana, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nilikuwepo. Nilipita kumsalimu Mzee, nikafungua mlango. Nilimwona anamimina nyingi. Nikajiuliza."

"Jana jioni ulikuwa Coventry kwenye harusi!" Gertrude alipiga kelele. "Ulituma picha kwa kanisa zima, umeshika mguu wa mbuzi!"

"Nilirudi mapema."

Gertrude akaelewa.  Shahidi akishakubali kusikia maiti ikisema, hapo mbele anaweza kuona chochote anachoagizwa. Na akifungwa yeye, ni nani atakayebaki kumtetea Mama?

Parveen aliwatazama wote, mmoja mmoja, akafika kwa Immaculée.

"Na wewe, mama? Wewe umeona nini?"

Immaculée alisogea mbele. Hakumjibu nesi. Alimgeukia Njoroge, akamuuliza kwa Kiingereza chake alichojifunza sokoni Ladypool Road, polepole, kila neno likisikika.

"Boss. Nikisema kama wewe unavyosema, kazi yangu Jumatatu iko?"

"Iko, mama," akajibu Njoroge, upesi, kwa Kiingereza hicho hicho. "Iko kabisa. Sema tu."

"Na nikisema tofauti?"

"Usianze mambo. Sema tulivyokubaliana, kazi ni yako."

Immaculée akamgeukia Parveen. "Umemsikia?"

"Nimemsikia," Parveen alisema.

"Basi hilo njo jibu yangu. Mzee alikuwa amekufa kabla tufike. Sauti ilikuwa ya huyu."

Njoroge alimrukia na tusi ambalo gazeti hili halichapi. Parveen alipanua mkono kumzuia, simu bado sikioni, akiwa anatoa anwani ya nyumba. Kwa mkono mwingine alivuta droo ya kando ya kitanda, pale ilipowekwa dawa. Akatoa chupa ndogo ya kahawia. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Ilikuwa tupu.

"Hii niliifungua mimi Ijumaa," alisema. "Ilitakiwa kumaliza wiki. Nani amempa yote?"

"Si nimekuambia?" Njoroge alinyoosha kidole kwa Gertrude. "Huyo!"

Ndipo Fiona alipopiga yowe. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akaketi chini sakafuni kando ya kitanda, na Kiingereza chote kikampotea, akalia kwa Kiswahili.

"Njoroge, uliniambia ni daktari aliyesema nimpe yote! Uliniambia atalala tu! Nilimkorogea kwa uji, Njoroge, akaniambia asante mama, akamaliza kikombe!"

Gertrude alisikia kila neno. Immaculée alisikia, akajifunika mdomo. Parveen peke yake hakuelewa.

"Amesema nini?"

"Analia tu," Njoroge alijibu haraka. "Alimpenda sana baba mkwe."

"Alisema mambo mengi. Nani atanitafsiria?"

Gertrude alimtazama baba yake. Akitafsiri, polisi watamchukua Mzee, watampasua, watakaa naye wajuavyo wao, na Mama atangoja kule kwenye kona bila kujua lini. Akinyamaza, Njoroge atampakia kwenye ndege wiki hii hii, mzima, kama Mama alivyoomba. Na muuaji atatembea mbele ya jeneza akilia.

Alifikiria kile kikombe. Asante mama.

"Nitakuambia mimi," alisema kwa Kiingereza. "Andika."

Lakini kabla hajatamka neno la pili, Mchungaji Kibet alisukuma mlango kwa mgongo wake, akageuza ufunguo, akautia mfukoni.

"Hakuna atakayesema kitu," alisema, "mpaka tuombe."